Diski Ambayo Bwera Nzima Ilisema Imekufa

Nimefunga duka. Mikono inatetemeka, na macho yakitazama mguu mmoja wa chipu yanaona miwili, na fundi wa namna hiyo ni hatari kwa mali za watu. Mafundi vijana wa Kasese na Bwera wana kundi lao kwenye simu, wanamobandika picha za mashine zilizowashinda na kuandika chini yake kwamba zimekufa. Hao ndio walioniomba niwaandikie niliyojifunza. Walitaka ukurasa mmoja. Mmoja wao akaongeza kwamba hata nusu ukurasa ungetosha, maana watu siku hizi hawasomi. Hilo nalijua. Nimeziona kazi zao.

Mimi ni Mama Safina, mzaliwa wa Kitswamba. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na Kiswahili nilikipata kwake kabla sijakinyoosha kwa redio na vitabu. Redio ndiyo iliyonipeleka kazini. Ya nyumbani ilinyamaza, baba akaipeleka Kasese kwa Mzee Bwambale, ikarudi inasema, nami nikataka kujua alikuwa ameifanya nini. Siku nilipokwenda kumwomba anifundishe alinitazama mikononi, akauliza redio yangu iko wapi. Nilimwambia sina redio, nimejileta mwenyewe. Wanaume watatu waliokuwa wamekaa bila kazi mbele ya duka wakacheka. Mzee hakucheka. Alinisukumia redio ya mwalimu mmoja wa Mahango, akasema nitafute ugonjwa wake.

Nilifungua kila skrubu iliyokuwemo. Kufikia mchana redio ya mwalimu ilikuwa imetandazwa juu ya meza kama mahindi yaliyoanikwa, na ugonjwa sijauona. Mzee Bwambale akachukua kile kifuniko cha betri ambacho mimi nilikiweka kando bila kukitazama, akanionyesha springi iliyokula kutu.

“Wewe umeanza kwa ndani,” alisema. “Ugonjwa ya hii ilikuwa mlangoni.”

Hayo ndiyo masomo yangu yote, na mengine yaliyofuata yalikuwa mazoezi tu. Umeme unatoka wapi, unapita waya gani, unaingilia tundu gani, kisha ndipo mashine yenyewe. Mzee alikuwa na mita yenye kioo kilichopasuka, bisibisi nne, mswaki mkuukuu na chupa ya spiriti. Ninyi mna mabegi yenye bisibisi sitini za rangi zote, kila moja katika kitanda chake, na nimemwona mwenye begi kama hilo akibadilisha programu nzima ya laptopu ambayo chaja yake haikuchomekwa ukutani.

Kompyuta zilipoanza kuingia katika maofisi ya Kasese, Mzee Bwambale alikuwa amekwisha kuzeeka. Alizitazama kwa mashaka. “Redio ikiharibika inanyamaza,” aliniambia. “Hii kitu ikiharibika inaanza kukuuliza maswali.” Nilidhani ni maneno ya mtu aliyepitwa na wakati. Nilikuwa mjinga.

Baadaye zikaja diski za nje, hizi ndogo za mfukoni ambazo mtu anajaza maisha yake yote kisha anazitupa kwenye begi pamoja na funguo na sarafu. Kwa muda mrefu kesi yangu kubwa ilikuwa hiyo: mtu anachomeka diski, laptopu inakaa kimya kama haijaletewa kitu. Mfanyabiashara wa chumvi wa Kabatoro alikuja na ya kwake baada ya kupita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alisema laptopu ina virusi. Wa pili alikubaliana naye, akafuta laptopu yote na kuweka mfumo mpya. Diski bado haikuonekana, na sasa hata mafaili ya kwenye laptopu yalikuwa yameondoka. Nilitazama ndani ya tundu la diski kwa kioo cha kukuzia. Vile vipande vya shaba vilikuwa vya kijani. Mtu anaishi kando ya ziwa la chumvi, anavuta hewa ya chumvi, diski yake inalala juu ya magunia ya chumvi, na wasomi wawili wakatafuta ugonjwa kwenye programu. Mswaki na spiriti, nikaiacha ikauke, ikaonekana. Yule mtu hakunishukuru. Alikaa akiiwaza laptopu yake, na sikumlaumu.

Kabla hamjafurahi kwamba nawasema ninyi tu, nitaandika na langu.

Hajji Twaha alikuwa na malori yanayovuka mpaka wa Mpondwe kwenda Butembo. Baba yangu alimwendeshea zamani, kwa hiyo aliniita muwala wangu, yaani binti yake, hata nilipokuwa na wajukuu. Alileta diski. Laptopu iliiona, ila haikuifungua. Ikatoa lile swali lake kwamba diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, je, ungependa kuifomati? Nilikuwa na wateja wengi, na nilikuwa na sifa. Nilibonyeza ndiyo. Ikamaliza kwa kufumba na kufumbua, ikafunguka, safi, tupu. Laiti ningeishia hapo, vitu vyake bado vingeweza kutolewa, maana fomati ya haraka inafuta orodha tu, haifuti vitu. Lakini nilitaka kuipima kama nzima, nikaijazia filamu za Kihindi mpaka pomoni. Zile filamu zilikaa juu ya kila kitu chake.

Hajji aliporudi nilimwambia imepona. Aliifungua hapo hapo mezani. Ndipo nilipojua kwamba ndani mlikuwa na mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia, amekaa uani akiwafundisha wajukuu dua. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote.

Hakupaza sauti. Alifunga laptopu taratibu. “Basi muwala wangu,” alisema, “tumemuzika mara ya pili.” Kisha akaniombea heri, akatoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Tangu siku hiyo sikubonyeza tena ndiyo kwa swali la mashine. Nilijifunza kunakili kwanza: unachukua diski nyingine nzima, unahamishia kila kilichomo kama kilivyo, kibovu kwa kizima, halafu matibabu yote unayafanya kwenye nakala. Ile ya mteja unaiweka kabatini. Ni kazi ya kuchosha, haina picha ya kubandika kwenye kundi.

Miaka yangu ya mwisho nilihamia Bwera, karibu na soko, kwa sababu binti yangu Safina aliolewa huko. Huko ndiko nilikokutana na diski ninayotaka kuisimulia.

Aliyeileta alikuwa Katekista Paluku, mkimbizi kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, mtu mrefu mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka kooni. Aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko ilikuwa imefungwa kwa kitenge. Alisema Bwera nzima imemwambia imekufa. Bwera nzima, nilipouliza, ilikuwa vibanda vitatu.

Alinieleza taratibu. Parokia yao ilikuwa na vitabu vya ubatizo vya miaka mingi. Padri wao, kwa kuhofia vita, alivipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuweka picha kwenye diski hiyo. Mwezi uliofuata nyumba ya padri ilichomwa. Katekista alikimbia na diski kifuani, akavuka mto gizani pamoja na wengine, akateleza, ikaanguka kwenye mawe.

“Bitabu biliungua byote,” alisema. “Batu benyi beko huku. Batoto babo habana karatasi hata moja. Kama majina haiko mu hii kintu, haiko fasi ingine.”

Watoto wale walikuwa wakiulizwa shuleni walizaliwa lini na wapi, na nani anaweza kushuhudia. Wengi waliozaliwa nao kijiji kimoja hawakuwepo tena duniani kushuhudia chochote. Nilimwambia anisimulie kila jambo lililofanyiwa diski ile, asiache hata dogo. Alisema kibanda cha kwanza, cha kijana anayejiita Injinia, kilikaa nayo siku mbili. Vile vingine viwili vilichomeka mara moja, vikatikisa kichwa.

Nikautazama waya aliokuja nao, na hapo nikakaa chini. Ulikuwa waya wa simu.

Nitaeleza kwa ajili ya Injinia na wenzake. Tundu la diski hizi ni pana, limegawanyika sehemu mbili. Waya wa kuchajia simu unaingia vizuri kabisa kwenye sehemu moja. Diski inapata umeme, taa inawaka, mtu anafurahi. Lakini nyaya nyingi za namna hiyo, zile za bei rahisi, ndani zina nyuzi mbili tu za umeme. Nyuzi za habari hazimo. Laptopu haiwezi kuona kitu ambacho hakijaunganishwa nayo. Vibanda viwili vizima viliitangaza diski kuwa maiti kwa sababu ya waya wa simu, na hakuna aliyejiuliza.

Nilifunga duka nikaenda kwa Injinia. Bango la kibanda chake lina picha ya setilaiti. Nilimsalimu, nikamwuliza habari za diski ya katekista.

“Mama, wachana na hiyo kitu,” alisema. “Ilisha kufa.”

“Ilikufa kabla yako au baada yako?”

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. Basi akasema. Mwanzoni, kwa waya wake wa asili, diski ilikuwa ikionekana na kupotea. Laptopu ilimwuliza kama airekebishe, akakubali. Marekebisho yakaenda polepole, asubuhi nzima, na wateja walikuwa wakimngoja, kwa hiyo akaichomoa.

“Uliichomoa katikati ya marekebisho?”

“Ilikuwa inachelewesha watu.”

Nikauliza waya wa asili uko wapi. Alinionyesha fungu la nyaya lililoning'inia msumarini, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, akasema ni mmoja kati ya hizo. Na ule aliompa katekista, aliuchagua kwa sababu gani? “Inaingia,” alisema. Nilisimama pale nikifumua fungu lile mpaka nikaupata, mfupi, mnene, wenye kichwa kipana. Hakuniomba radhi, wala sikungoja aniombe. Mtu asiyejua kwamba ameharibu hawezi kuomba radhi. Anakutazama tu kama mzee msumbufu.

Nilirudi na waya, nikachomeka. Diski ikaonekana, ikapotea. Nikaligusa tundu kwa ukucha, likacheza. Lilikuwa limeng'oka upande mmoja kwenye bodi, pengine kwa kuanguka, pengine kwa kulazimishwa na mikono ya Injinia. Nikamwambia katekista ukweli: tundu lazima lilehemewe upya, kazi ndogo kuliko punje ya mtama, na mkono wangu si ule wa zamani. Kama angetaka kumpelekea mwingine, sitakasirika. Akauliza ni nani mwingine.

Niliufungua mfuniko wa nje tu. Sanduku la chuma la ndani, lenye sahani zinazozunguka, halifunguliwi, na yeyote kati yenu aliyewahi kulifungua ili “aone” anajua mwenyewe alichofanya. Nilichukua tofali, nikalivika kitambaa, nikauegemeza mkono wangu wa kulia juu yake. Katekista alishika kioo cha kukuzia na taa. Nilisema bismillahi. Yeye alikuwa akinong'ona rozari yake. Pasi ya kulehemu ilipopata moto mkono ulitetemeka, nikauondoa, nikangoja, nikarudi. Miguu ya lile tundu ilikuwa mingi kuliko miaka yangu, au ndivyo nilivyoiona. Mara ya tatu nilifanikiwa kuishika yote. Nilipoweka pasi chini shati lilikuwa limegandana na mgongo wangu. Katekista aliendelea kushika taa ijapokuwa hapakuwa na cha kumulika tena.

Tulichomeka. Safari hii niliipitisha kwenye kigawanyio cha waya chenye umeme wake wenyewe, maana diski iliyoanguka inahitaji nguvu zaidi kuzunguka na laptopu yangu ni nzee kama mimi. Ikazunguka. Ikagonga mara mbili, ndani, kama mtu anayebisha. Ikatulia. Kisha laptopu ikatoa swali lake: diski hii inahitaji kufomatiwa, je, ungependa kuifomati?

Katekista alisoma, akanitazama. Nilibonyeza hapana.

Kunakili kulichukua siku tatu. Nilitumia programu ambayo inachukua kwanza sehemu nzima, inaziruka mbovu, halafu inazirudia moja moja kwa subira ambayo Injinia hana. Niliunganisha vyote kwenye betri ya sola, kwa kuwa umeme wa Bwera hauaminiki. Katekista alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi mpaka jioni, akiutazama mstari unavyosogea. Siku ya pili aliniuliza kama Waislamu nao huandika watoto wao kitabuni. Nilimwambia sisi tunaadhini sikioni mwa mtoto, na anayesikia ndiye shahidi. Akafikiri, akasema basi ninyi vitabu vyenu ni watu. Nikamwambia watu nao huungua.

Siku ya tatu nikaiweka diski yake kabatini, nikafungua nakala. Folda zilikuwemo. Picha zilikuwemo. Kurasa za manjano, mwandiko wa mapadri mbalimbali, majina mistari kwa mistari. Katekista alisoma jina la kwanza kwa sauti, la pili, la tatu, akatoka nje. Nilimsikia akipenga kamasi ukutani mwa duka.

Si zote zilizopona. Kitabu cha mwisho, kile cha miaka ya karibuni, kilikuwa mahali ambapo diski ilipigwa, na mahali hapo hapo ndipo yale marekebisho yalipokatwa katikati. Kurasa zake kadhaa zilifunguka nusu: juu ukurasa unasomeka, kisha mstari unakatika, na chini yake yote ni kijivu kitupu. Nilizirudia kwa kila programu niliyoijua. Kijivu kilibaki kijivu. Nilimwambia katekista hivyo hivyo, bila kupamba, na nikamwambia pia kwamba sehemu ya kosa ni ya mawe ya mtoni na sehemu ni ya mtu mwenye haraka. Alisema mawe hayana kosa.

Alikuja na daftari jipya la kurasa ngumu, akaanza kunakili kwa mkono. Kwenye kurasa za nusu aliwaita wanaohusika waseme kilichokuwa chini, na hakuandika neno mpaka mashahidi wawili wakubaliane. Nilimheshimu kwa hilo. Kama mafundi wangekuwa wagumu hivyo, nisingekuwa na la kuandika.

Habari zilienea, watu wakaanza kuja dukani. Nilikuwa na printa moja ya zamani inayotoa ukurasa kama inaombwa kwa kupigiwa magoti. Walikuja akina baba wa kukodolea macho kioo mpaka pua zinakigusa, walikuja mabinti wa kupiga picha majina yao kwa simu. Wengi walitaka karatasi ya kupeleka shuleni.

Miongoni mwao alikuja Mama Kavira, mwanamke wa parokia hiyo hiyo aliyekuwa akiuza maharagwe sokoni, mkimya. Alingoja wote wamalize. Alimtajia katekista jina la mwanawe, na katekista akainamisha kichwa kabla ya kulitafuta, kwa hiyo nikaelewa kwamba yule mtoto alikuwa mmoja wa waliobaki njiani. Nilimwuliza anahitaji cheti kwa ofisi gani.

“Haiko ya ofisi,” alisema. “Minataka tu kuona kama balimuandika.”

Ukurasa wake ulikuwa mmoja wa zile za nusu. Jina la mtoto lilikuwepo, la mwisho kabla ya kukatika: jina, tarehe, jina la mama. Jina la msimamizi wake wa ubatizo lingekuwa mstari unaofuata, na mstari unaofuata ulikuwa kijivu. Mama Kavira aliweka kidole kwenye kioo chini ya jina la mwanawe, akakiacha hapo. Sikumwambia akiondoe, ijapokuwa kwa mwingine yeyote ningesema.

Aliomba karatasi. Nikashika kipanya nikaanza kupunguza picha, ili printa isipoteze wino kwa sehemu isiyo na kitu. Nilimwambia nitakata pale chini, hapana maandishi, ni kijivu tu.

“Usikate, mama,” alisema. “Baba yake ya ubatizo iko mule.”

Nikaurudisha ukurasa ulivyokuwa, nikauchapa wote.